Thamostati ya Marekani si dawa ya joto la Garissa

Leo nina hasira.

Jirani yangu hapa Garissa aliletewa na mjomba wake thamostati ya ukutani kutoka Minneapolis. Fundi akaiunga moja kwa moja na stima. Ikafuka moshi. Bahati watoto walikuwa madrasa.

Thamostati ile ni ya volti 24. Huko kwao transfoma hushusha umeme kwanza: waya R huuleta, C huurudisha, Y huwasha kompresa, G feni, na O/B hugeuza vali ili mtambo upoze au upashe nyumba joto. Kupasha joto, Garissa! Na stima yetu ni volti 240.

Viyoyozi vyetu vingi vya ukutani havina pa kuchomeka waya hizo. Thamostati yake ni programu ndani ya bodi, inayosoma sensa ndogo. Mimi kazi yangu ni programu, nawaambia: programu haichakai, sensa huchakaa.

Kwa hiyo usikubali kuuziwa bodi nzima kabla sensa haijapimwa. Zima swichi kuu, chomoa sensa, ipime kwa multimita. Nyingi ni kiloomu 5 au 10 kwenye nyuzi 25, na hushuka joto likipanda. Isiposoma kitu, imekatika. Weka nyingine ya kipimo kilekile, basi.

Mafundi mtanuna. Nuneni, lakini asiyepima asifunge.