Kisima cha Mjomba na Mawe Yaliyokunjwa

Mjomba wangu wa Kitui aliuza ng'ombe wawili ili achimbe kisima. Mahali alipachagua mwenyewe, karibu na jiko, ili mkewe asiende mbali. Wachimbaji walishuka futi 40, wakakuta jiwe gumu, wakapokea ujira wao na kwenda zao. Nilipomzuru aliniuliza, "Mpwa wangu, wewe umesoma. Jirani yangu ng'ambo ya bonde amepata maji kwa futi 30. Mbona mimi nimepata jiwe?" Kwa kuwa kuuliza si ujinga, nilitafuta jibu kwa wajuao mambo ya miamba, nanyi wasomaji nawapa leo.

Mawe ya Kitui, Machakos na Taita ni ya kale mno. Ni sehemu ya mkanda mrefu wa miamba utokao Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya mpaka Ethiopia. Mtaalamu Mwingereza, Arthur Holmes, aliuita Mkanda wa Msumbiji katika maandiko yake ya mwaka 1951. Yapata miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya zamani yaligongana. Miamba iliyokuwa katikati ilisukumwa chini sana, ikapata joto kali, ikakunjwa kama nguo. Ndiyo sababu mawe yetu yana mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda. Baadaye miamba hiyo ilipoa, na iliposukumwa tena haikukunjika, bali ilipasuka.

Hapo ndipo penye faida kwa mkulima. Jiwe zima halina nafasi ya kuweka maji. Maji hukaa katika nyufa, na katika tabaka la jiwe lililooza lililo juu yake. Basi atafutaye maji katika nchi ya mawe kama haya yampasa kwanza atafute ufa.

Ufa uliofunikwa na udongo hujulikanaje? Wataalamu hutumia njia mbili pamoja. Ya kwanza ni kutembea. Huenda mitoni na vilimani ambako jiwe liko wazi, wakapima kwa dira mistari yake yaelekea wapi, na kwa chombo kingine imeinama kiasi gani. Wakiandika vipimo vingi kwenye ramani, umbo la mikunjo huonekana.

Njia ya pili ni ya sumaku. Mawe mengine yana chembe za madini ya chuma yaitwayo magnetiti, nayo hubadili kidogo nguvu ya sumaku ya dunia. Chombo chepesi, kikichukuliwa kwa mkono au kwa ndege, huhisi badiliko hilo hata penye udongo mwingi. Kwenye ramani tabaka hizo huonekana kama mistari inayofuatana. Mstari ukikatika ghafla na kuendelea pembeni, yamkini pana ufa. Kadhalika, maji yapitayo katika ufa kwa muda mrefu huweza kuigeuza magnetiti kuwa kama kutu, na nguvu ya sumaku hupungua hapo.

Lakini njia moja peke yake yaweza kudanganya. Mstari wa sumaku pengine ni mwamba mweusi uliopenya kati ya mawe mengine, wala si ufa. Tena ufa waweza kuwa mkavu, au kuwa na maji ya chumvi. Kwa hiyo vipimo vya sumaku hulinganishwa na mawe yenyewe, kisha ardhi hupimwa kwa umeme kabla ya kuchimba.

Nilipomweleza mjomba hayo, tulishuka pamoja mtoni. Mvua ilikuwa imeosha mchanga, na jiwe lilikuwa wazi. Tuliona mistari yake ikielekea kaskazini, kisha imekatwa na ufa mpana unaokwenda upande wa shamba la jirani. Mjomba alinyamaza kitambo, akasema, "Kumbe jibu lilikuwa hapa miaka yote, nami napita juu yake nikinywesha ng'ombe."

Ndugu msomaji, ukitaka kuchimba, mwite kwanza mpimaji wa maji. Ujira wake ni mdogo kuliko bei ya ng'ombe wawili.