Imani, Hesabu na Njia Zetu



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema machache juu ya jambo lililotutia ubishi mkubwa katika baraza yetu hapa Mahongole tangu masika yaliyopita. Ubishi wenyewe ni huu: je, mtu mwenye imani yampasa kuuliza habari za tairi? Najua ya kuwa wako watakaocheka wakisoma swali hili. Walakini wasicheke upesi, maana lilianza kwa jambo ambalo nusura lituue.

Siku ile nilikuwa nikirudi kutoka Njombe kwa gari dogo la abiria. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ukungu ulikuwa umeifunika barabara hata taa za gari la mbele hazikuonekana vema. Kabla hatujaondoka, kijana mmoja mwanafunzi alimwonyesha dereva tairi la nyuma, lililokwisha hata likawa kipara. Dereva hakujibu neno. Utingo akasema kwamba siku ya mtu ikifika imefika, hata kama amelala kitandani kwake. Kisha mzee mmoja, mwalimu wa dini anayeheshimiwa sana huku kwetu, akamwambia yule kijana kwa upole, "Mwanangu, tumekwisha sali. Usitutie mashaka." Abiria wakaitikia. Na mimi, karani, niliyefundishwa hesabu za mwendo na uzito katika shule ya misheni, nilikuwa nimeliona tairi lile kabla ya kijana yule, nikanyamaza. Niliona haya nisije nikahesabiwa mtu asiyeamini.

Tairi lilipasuka katika mteremko. Gari likaingia mtaroni, likalala ubavu. Hakufa mtu, lakini mama mmoja alivunjika mkono, na kijana yule akakatwa na kioo usoni. Tulipokwisha kutolewa, mzee wetu aliketi kando ya njia akasema, "Mungu ametuokoa." Nami nakubali kwamba ametuokoa. Lakini tangu siku ile moyo wangu wauliza: kama Yeye ndiye aliyetuokoa, ni nani basi aliyetutia hatarini? Je, twamsingizia Mungu tairi la mtu?

Katika baraza yetu watu wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza wasema kwamba ajali haina kinga, na kwamba kuchunguza chunguza mno ni dalili ya moyo mchanga. Upande wa pili, nao hasa ni vijana, wasema kwamba nchi hii haitakuwa na njia njema mpaka watu waache sala na kuwafuata wataalamu katika kila neno. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeshika nusu ya ukweli na kuitupa nusu ya pili.

Nawajibu kwanza wazee wangu, kwa heshima yote. Methali ile isemayo kwamba ajali haina kinga ilikuwa faraja ya kumpa mtu aliyekwisha kufiwa. Haikuwekwa iwe kanuni ya kuendeshea gari. Nguvu iliyomo katika gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Basi dereva akitoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa, ambao ndio mwisho uliowekwa kwa mabasi, akafika 100, hadhani ameongeza ila kidogo tu. Kumbe breki zake zina kazi zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Na tairi kipara juu ya lami yenye maji haishiki njia, maana ile mifereji iliyochongwa katika mpira ndiyo inayoyaondoa maji chini yake. Hesabu hii ni moja kwa Mkristo, kwa Mwislamu na kwa mtu asiye na dini.

Tena mfikirini Nabii Nuhu, anayejulikana na Wakristo na Waislamu pia. Alipoambiwa habari za gharika hakukaa akangoja kuokolewa. Alijenga chombo, na Kitabu kinataja urefu wake, upana wake na kwenda juu kwake kwa dhiraa, na jinsi kilivyopakwa lami ndani na nje maji yasipenye. Sijasikia mtu akimlaumu Nuhu kwamba lami ile ilikuwa upungufu wa imani.

Katika nchi zetu hizi twajua pia hasara ya imani iliyowekwa mahali pasipo pake. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, babu zetu waliambiwa kwamba dawa itaigeuza risasi kuwa maji. Walikuwa mashujaa wenye haki ya kuitetea nchi yao, wala si kazi yetu kuwacheka, maana wao hawakuwa na njia ya kujua mapema. Sisi twajua tairi kipara hufanya nini, nasi twapanda. Ni nani basi anayestahili kulaumiwa zaidi?

Sasa nawageukia vijana wenzangu wanaosema tufuate wataalamu peke yao. Ushahidi wangu haupo mbali, u hapa Makambako: ni reli ya TAZARA. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walilipima shauri la kujenga reli ya kuiunganisha Zambia na bahari yetu, wakasema haitaleta faida. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia huko kusini, ikawa kama mtu aliyefungiwa mlango. Mafuta na shaba vikabebwa kwa malori katika njia ya udongo iliyopita nyanda zetu hizi, ambayo kwa ubaya wake ilipewa jina la Njia ya Jahanamu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakukubali kwamba neno limekwisha. Mwaka 1967 walifanya mapatano na China. Kazi ikaanza mwaka 1970, na mwezi wa Julai 1976 reli ikakabidhiwa, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi.

Sisemi kwamba hesabu ya wale wa kwanza ilikuwa ya uongo. Ilijibu swali la faida ya fedha. Swali la nchi iliyofungiwa mlango halikuwa katika karatasi yao. Hesabu hujibu lile iliyoulizwa tu, na kuchagua swali la kuuliza ni kazi ya moyo, yaani kazi ya imani.

Lakini tazameni imani ile ilivyofanya kazi. Kutoka Mlimba kuja Makambako reli hupanda kutoka bonde la Kilombero mpaka nyanda zetu za baridi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko mahali pote. Milima ilitobolewa mahandaki, na juu ya mto Mpanga pakasimamishwa daraja lenye nguzo za urefu wa kama meta 50. Hakuna handaki lililochimbwa kwa hotuba. Kila meta ilipimwa kabla ya kuchimbwa, na Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, nao Waafrika walikufa pia.

Kisha ikawaje? Mwaka 1977 reli ilibeba tani zipatazo 1,200,000. Katika mwaka wa fedha 2014/15 hazikufika tani 100,000. Sababu ni nyingi: njia za kusini zilifunguliwa tena, malori yakaongezeka, fedha zikapungua. Walakini mojawapo kubwa ni hii, kwamba injini na mabehewa yalichakaa, vipuri vikakosekana, na njia yenyewe haikutunzwa kama ilivyopasa. Tuliendelea kuisifu reli yetu katika hotuba hali injini zake zimesimama. Mwezi wa Septemba 2024, huko Beijing, hati ya maafikiano ya kuifufua iliwekwa saini mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia. Twafurahi. Lakini kama desturi zetu ni zile zile, wajukuu wetu watakwenda kutia saini nyingine.

Kwa hiyo nasema hivi: imani hutuchagulia safari, na hesabu hutufikisha. Na kati ya hizo mbili kuna jambo la tatu, ambalo ndilo letu sisi makarani, nalo ni utunzaji: daftari linaloandikwa kila siku bila kuchoka, ukaguzi unaofanywa kweli, na saini isiyosema uongo. Karani atiaye mhuri katika karatasi ya gari asilolikagua hana haki ya kusema kesho yake makaburini kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Namwandikia mwenzangu, najiandikia na mimi pia, niliyenyamaza siku ile.

Basi natoa mashauri matatu kwa wanachama. La kwanza: kila mmoja wetu alitazame gari kabla ya kulipanda, aseme alionalo kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, maana mtu mmoja akisema, wengine watapata moyo. La pili: kila tawi liwe na daftari la ajali za mahali pake, liandike siku, saa, mahali na sababu iliyoonekana. Baada ya mwaka mmoja tutajua ni kona gani iuayo na ni karavati gani lizibalo, wala hatutakuwa tena watu wa kusema tu kwamba mahali fulani pana shetani. La tatu: tupeleke habari hizo kwa wahusika, si kwa manung'uniko ya barazani. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, zile za wilaya na vijiji ni za TARURA, na leseni za mabasi ya abiria zi mikononi mwa LATRA. Barua yenye tarehe na hesabu ni vigumu kuitupa kapuni.

Juma lililopita nilimkuta mzee wetu katika stendi ya Makambako. Tukaamkiana. Nikamwona akilizunguka gari polepole kwa fimbo yake, akainama akayatazama matairi yote, akamwuliza dereva habari za breki, dereva akamjibu kwa heshima. Kisha akapanda, akavua kofia yake, akasali. Nami nikapanda nyuma yake, nikaitikia Amina kwa moyo wote.

Mwenye mawazo mengine na aandike, tujibizane kwa hoja na kwa udugu.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Mahongole