Unahodha Haurithiwi

Sema mbele ya watu wa Tabora kwamba mwanao anasomea kuendesha boti, tena anatafuta cheti kitakachomruhusu kukodi chombo Ugiriki au Kroatia, uone watakavyokutazama. Bahari ina wenyewe, watakuambia. Mnyamwezi na usukani wapi na wapi? Mtu huzaliwa na unahodha wake huko Pemba, Lamu, Kilwa au Mafia; wa bara akalime tumbaku. Ukishuka pwani utayakuta maneno hayo hayo yamegeuzwa upande wa pili: sisi tumezaliwa majini, cheti cha nini?

Imani hiyo ni ya uongo huku na kule, na huku na kule ina madhara. Bara inawafungia vijana mlango ambao sheria haikuufunga. Pwani na maziwani inawakabidhi watu usukani bila kuwafundisha.

Historia ya njia ya misafara peke yake inatosha kuivunja. Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, na katika msafara wao walikuwamo watu wa Zanzibar na wa mrima. Februari 1858 wakafika Ujiji. Speke alivuka Ziwa Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Hatimaye wote wawili walikwenda Uvira kwa mitumbwi ya Kannena, mkubwa wa Ujiji, na wapiga makasia wake. Yeye ndiye aliyeamua lini waondoke, wapi walale, lini wageuke. Bahari ya Hindi iko mbali na Ujiji, na Kannena hakuwa na haja nayo. Aliyajua maji yake kwa sababu aliyasomea humo humo, na waliozaliwa pwani wakakaa mtumbwini kama abiria.

Nenda pia Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Mgeni husimuliwa habari za Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, na ni wachache wanaouliza kuhusu Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi alitoka Shupanga, ukingoni mwa mto Zambezi. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao. Mwaka 1864, miaka minane kabla ya Kwihara, hao wawili walikuwamo ndani ya Lady Nyassa, stima ndogo iliyoundwa kwa ajili ya Ziwa Nyasa, ilipotoka Zanzibar mwishoni mwa Aprili na kuingia Bombay katikati ya Juni. Wafanyakazi wengi wa chombo hicho walikuwa watu wa mtoni, na pepo za msimu zilikuwa zinakaribia kuchafuka. Aliyekuwa nahodha ni Livingstone mwenyewe, daktari na mhubiri kutoka Blantyre, mji wa viwanda vya pamba usiotazama bahari. Kupima jua na nyota alifundishwa na nahodha wa meli iliyomleta Afrika mara ya kwanza, safari iliyoishia mwaka 1841. Alikaa chini akafundishwa, basi.

Watu wa pwani nao wasijivune kwa mambo ambayo wazee wao hawakuyafanya. Manahodha wa zamani wa Bahari ya Hindi walisafiri na rahmani, vitabu vya njia, nyota na bandari. Ahmad ibn Majid wa Julfar, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mabingwa wa bahari, aliandika kitabu kikubwa cha elimu hiyo karibu na mwaka 1490. Kama damu ingetosha, mtu wa ukoo kama huo asingehangaika kuandika. Mtoto wa Nungwi anayejua kubisha tanga katika kusi hakuzaliwa anajua. Alikemewa na babake, akapigwa na foromali, akajifunza. Tofauti yake na mtoto wa Sikonge ni kwamba shule yake ilikuwa karibu na nyumbani.

Sasa tuje kwenye cheti chenyewe, maana hapa ndipo ujinga unapowalia watu fedha. Wengi wanadhani ipo leseni moja ya boti inayotambulika dunia nzima, kama ile ya kimataifa ya gari. Haipo. Kilicho karibu zaidi ni cheti cha kimataifa cha umahiri kwa waendesha vyombo vya starehe, kinachotolewa kwa mujibu wa Azimio namba 40 la mwaka 1998 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Mwombaji awe ametimiza miaka 16, awe na afya inayofaa, hasa macho na masikio, na afaulu mtihani. Hakuna kifungu kinachouliza ukoo, wala kama ulikulia ufukweni.

Kwa kawaida nchi inayolitekeleza azimio hilo huwapa cheti raia wake au wakazi wake. Tanzania haimo katika nchi hizo. Kwa hiyo kijana wetu anayeishi Hamburg au London anaweza kukifuatilia huko aliko, lakini aliyeko Tabora asikubali kuuziwa karatasi na mtu wa mtandaoni anayemwambia atume picha na dola apate leseni ya kimataifa. Kijana huyo atafute mafunzo halisi yenye mtihani wa majini, halafu aulize mamlaka za nchi anayokwenda na kampuni anayotaka kukodi boti kwao kama wanayakubali. Ajue vilevile kwamba cheti cha starehe ni cha starehe. Hakimpi ajira melini. Kazi ya ubaharia ina vyeti vyake chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, na njia yake inapita katika vyuo kama kile cha bahari cha Dar es Salaam.

Najua jibu linalosubiri: Waingereza wenyewe hawadai leseni kwa boti ya starehe baharini. Ni kweli. Lakini Mwingereza huyo huyo akitaka kukodi mashua Ugiriki, anaombwa cheti. Ujerumani wanadai leseni injini ikizidi nguvu farasi 15. Uholanzi wanaidai boti ikifikia mita 15, au ikiweza kwenda zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Ukienda kwao, sheria ni yao.

Na kuna sababu. Chukua boya jekundu tu. Unapoingia bandarini kutoka baharini hapa Tanzania, au Ulaya, boya jekundu unaliacha mkono wa kushoto. Marekani unaliacha mkono wa kulia. Nahodha mwenye miaka 30 ya kuingia Tanga, asiyesoma kingine, akipewa usukani Florida atatoka mkondoni na kukipandisha chombo fungu la mchanga kwa kujiamini kabisa. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mvuvi wa Kigoma naye, hodari wa usiku na mawimbi, hajawahi kuona maji yakipwa. Atatia nanga Zanzibar siku za bamvua, alale, aamke chombo kimelala ubavu mchangani. Mtihani upo ili kuyakamata hayo kabla ya bahari kuyakamata.

Mtazame mtahiniwa siku hiyo. Mezani ana ramani ya bahari, bikari na rula. Anapima umbali, anarekebisha dira, anahesabu kina cha maji kwa saa atakayofika. Kisha anashushwa botini. Mkufunzi anatupa boya majini na kupiga kelele kwamba mtu ameanguka. Mtahiniwa anamwamuru mwenzake asiondoe macho wala kidole kwenye boya, anageuza chombo, anapunguza mwendo, anarudi akiuelekea upepo, na boya linapofika ubavuni propela haizunguki tena. Hapo panga likizunguka, unamkata uliyekuja kumwokoa. Hilo halimo katika damu ya mtu yeyote, wa Micheweni wala wa Nzega.

Gharama ya kulipuuza tunaijua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Victoria, wakafa watu 228. Kilipaswa kubeba abiria takriban 100. Akilihutubia taifa, Rais John Magufuli alieleza kwamba usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Ilikuwa safari fupi, maji yanayojulikana, gati linaonekana kwa macho. Ni katika mazingira kama hayo watu husema mwache tu, amezoea.

Tabora iko katikati ya maji kuliko tunavyokubali. Reli ikifika hapa inagawanyika, tawi moja kwenda Mwanza kwenye Ziwa Victoria, jingine Kigoma kwenye Tanganyika. Vipande vya meli tunayoiita leo MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, vilipita kwetu kwa reli vikiwa ndani ya makasha. Mji wenye maziwa mawili mwishoni mwa reli zake hauna haki ya kujiita mgeni wa maji.

Kwa hiyo nayasema haya kwa wanaohusika. Kwa Ziwa Victoria, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya usafiri ya mwaka 2007. Ziwa Tanganyika nalo lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na waendesha boti ndogo wanaovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili wanastahili cheti kimoja chenye mtihani mmoja, kinachoheshimiwa Kigoma, Kalemie, Bujumbura na Mpulungu. Kama Ulaya walikubaliana kwa ajili ya watu wanaokwenda kupunga upepo, sisi tunashindwaje kwa ajili ya watu wanaokwenda sokoni? TASAC, inayosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, iandike kwa Kiswahili chepesi vyeti inavyovitoa vinakubaliwa wapi na vinakataliwa wapi, ili matapeli wakose wateja. Chuo cha bahari kilete kozi fupi hadi Kigoma.

Nanyi wazazi wa Tabora, msiwacheke watoto wanaotaka usukani. Mtafuteni mtu anayejua, awafundishe kwanza kuogelea.