Malkia wa Visiwani, Mabibi wa Milimani



Watoto wa Lushoto huyajua majina ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, na Kimweri wa Vugha. Tukiwauliza ni mwanamke gani wa zamani aliyeshika hatamu za nchi, wengi hunyamaza. Hawana lawama, mtoto hujua alichosimuliwa. Basi na tuwasimulie.

Wareno walipokuwa na nguvu pwani yetu, kisiwa cha Unguja kilitawaliwa na Mwana Mwema. Mwaka 1652 aliwaunga mkono Waomani waliokuja kuwashambulia Wareno. Mwaka uliofuata Wareno walilipiza kisasi, wakamfukuza kisiwani mwake.

Mwishoni mwa karne hiyo alitawala Fatuma, naye akashika njia nyingine. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia mwaka 1696, Fatuma aliwapelekea Wareno chakula. Ngome ilianguka mwaka 1698, naye akachukuliwa hadi Maskati. Ilipita miaka mingi kabla ya kurejeshwa Unguja.

Mmoja aliegemea Oman, mwingine Ureno, na wote wawili walionja uhamisho. Hatuwataji ili tuwahukumu, bali mabinti zetu wajue kwamba wanawake hawa walibeba amana ya watu wao baina ya dola mbili zenye mizinga na merikebu, na uamuzi ulikuwa mikononi mwao.

Kilwa Kisiwani nako kulikuwa na Malkia Fatima. Barua zilizotoka kwake mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India, hata leo. Kalamu ndiyo iliyolinusuru jina lake. Hata habari za Wakilindi tunazisoma kwa sababu Abdallah bin Hemedi alizikusanya na kuziandika kwa Kiswahili.

Je, habari za mabibi zetu wa Usambara ataziandika nani? Wiki hii, kila nyumba itafute daftari. Binti amketie bibi yake amuulize: alizaliwa kijiji gani, nani alimfundisha Qur'ani, njaa ipi aliivuka, mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake? Aandike kama anavyosikia, na tarehe aiweke. Bibi akishazikwa, maswali hayo hayana wa kuyajibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape umri wenye baraka waliobaki nasi. Amin.