Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: ongezeni safu moja

Ndugu Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,

Nakuandikia kutoka delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Mimi ni tabibu wa zahanati, nina stashahada ya miaka mitatu, na naomba nafasi ya kusomea Udaktari wa Tiba. Nimeshaomba mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Zilizofuata nimeomba nikiwa kazini.

Huku kwetu safari hupangwa na maji. Anayekwenda Nyamisati kupanda gari la Kibiti hungoja maji yajae, maana yakipwa mtumbwi unakwama kwenye tope katikati ya mikoko. Dirisha la maombi likifunguliwa napiga hesabu mbili, ya zamu na ya maji. Nikifika mjini naingia steshenari, nalipia ada ya kila chuo, namtajia kijana wa kompyuta namba yangu ya mtihani kwa kichwa. Halafu narudi kusubiri. Mtandao unashika gatini tu, kwa hiyo jioni utanikuta nimesimama kwenye ubao wa mwisho, nimeinua simu juu.

Jibu huja kwa neno moja: hujachaguliwa.

Neno hilo halisemi kilichopungua. Ni matokeo yangu ya kidato cha sita? Ni GPA ya stashahada? Au nilitimiza yote, ila waliokuwa mbele yangu walikuwa wengi? Kwa kuwa sikujua, nikaamua kurekebisha kila kitu kwa pamoja. Nikajiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha sita wa mwaka 2024 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aprili mwaka huo mafuriko yakazamisha mashamba ya Kibiti na Rufiji, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Mchana nilikuwa na wagonjwa wa kuhara na watoto wenye homa, usiku nilikuwa na Fizikia chini ya taa ya sola. Mtihani niliufanya. Sikumbuki niliandika nini.

Asubuhi moja baada ya hapo nilimpima presha mama mjamzito mara tatu. Kila nikifungua ule mkanda mkononi mwake, namba zilikuwa zimeshanitoka kichwani. Mara ya tatu akanishika kiganja, akasema polepole, "Dokta, andika mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Nimeisoma mwenyewe." Hapa kijijini wote wananiita dokta. Siku ile jina hilo lilinichoma.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, na ndani yake uchovu wa namna hii umeelezwa kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuikimbia kazi moyoni, na kuifanya chini ya uwezo wako. Zote nilikuwa nazo. Ila maelezo yale yanahusu kazi peke yake. Mtu anayesoma ili apokelewe, mwaka hadi mwaka, hamo.

Nilichukua likizo nikaenda kwa bibi yangu bondeni. Hakuuliza kitu. Alinipa jembe tukapanda mahindi ya mlau kwenye udongo ambao maji yalikuwa yameuacha karibuni, na vitabu vyangu akavitia kwenye gunia, akavipandisha darini. Wiki mbili nililala saa mbili usiku kama mtoto. Niliporudi nilimweleza nesi mwenzangu ukweli wote, na tukapatana: usiku unaofuata zamu sifungui kitabu, na akiniona nimefungua, ananinyang'anya. Amenipokonya mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyopona, kwa msaada wa watu wawili ambao hakuna ofisi iliyowatuma.

Sasa ombi langu. Mwongozo wenu wa udahili hutaja sifa za chini. Kwa sisi wa stashahada ni GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo ya kidato cha nne. Sifa hizo ninazo, ndiyo maana naruhusiwa kulipa ada na kuomba. Ongezeni safu moja pembeni yake: mtu wa mwisho aliyepokelewa mwaka uliopita alikuwa na kiasi gani, kwa kila chuo, wa kidato cha sita kivyake na wa stashahada kivyake. Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma, vyote. Takwimu hizo zipo, maana bila hizo vyuo visingejua vikate wapi. Na anayekosa aandikiwe sababu, hata kwa mstari mmoja: sifa hazikutimia, au nafasi zilijaa.

Siombi nipunguziwe kiwango. Mgonjwa wa delta anastahili daktari aliyeiva kama wa Dar es Salaam. Naomba kuonyeshwa ng'ambo iko umbali gani, nijue kama kasia langu linafika.

Dirisha lijalo likifunguliwa nitangoja maji yajae, niende Nyamisati. Nikiikuta safu hiyo, nitajua palepale steshenari kama nilipe, au nigeuze na boti ya jioni nirudi kwa wagonjwa wangu, nilale.

Wako mtiifu,
Tabibu wa zahanati, delta ya Rufiji