Kijana, usitoke kliniki na karatasi usiyoielewa

Kuna swali moja ambalo vijana huliuliza kila mahali isipokuwa pale linapofaa kuulizwa. Swali lenyewe ni hili: hii karatasi inamaanisha nini? Utalikuta kwenye kundi la WhatsApp, picha ya majibu ya maabara imetumwa saa nne usiku na jina limefichwa kwa kidole gumba. Utalisikia kwenye duka la dawa, kwa binamu aliyesomea uuguzi, hata kwa jamaa wa jimu. Lakini kwa yule daktari aliyeagiza kipimo na kulipwa, kimya. Tunapokea karatasi, tunasema asante daktari, tunatoka.

Leo tuongee kuhusu hiyo karatasi, hasa ya ini na ya tumbo, kwa sababu ndiyo inayotunyima usingizi. Mimi si daktari. Chuo nilikiacha njiani, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Lakini kusoma bado nasoma, na msimamo wangu ni mmoja: majibu ambayo hujaelezwa ni kazi nusu, na wewe uliyelipa una haki ya kudai nusu iliyobaki.

Na hii haki si maneno ya kijiweni. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya akueleze hali yako, vipimo na matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake. Tena inasema kwamba panapowezekana uelezwe kwa lugha unayoielewa, kwa namna inayozingatia kiwango chako cha elimu. Haisemi popote kwamba ukishapewa karatasi ukajitafutie mtu wa kukusomea.

Tuanze na kitu kinachoshtua watu wengi: ile herufi H au nyota kando ya namba. H inaonyesha namba imepita kiwango cha kawaida, L inaonyesha iko chini. Sasa hicho kiwango hutoka wapi? Kwa kawaida hupimwa watu wengi wenye afya, kisha asilimia 95 ya katikati inahesabiwa kuwa ndiyo kawaida. Maana yake ni kwamba mtu 1 kati ya 20 walio na afya njema ataangukia nje. Ukipimwa vitu 20 kwa mpigo, kihesabu kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba angalau kimoja kitatoka na alama, hata kama huna ugonjwa wowote. Na viwango hutofautiana kati ya maabara na maabara, kwa hivyo wacha kulinganisha namba yako na ya rafiki aliyepimwa kwingine.

Sisemi upuuze. Namba iliyozidi mara tatu au nne si ya kufanyia mzaha. Ninachosema ni kwamba alama ni mwanzo wa mazungumzo na daktari, na hayo mazungumzo ndiyo tunayonyimwa au tunayoyakimbia.

Chukua kipimo cha ini. Utaona ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, vinavuja na kuingia kwenye damu, na hapo ndipo maabara inavipata. Vinakuambia kuna kitu kinaumiza seli. Havikuambii ni kitu gani. Tena AST, na ALT kwa kiasi fulani, hupatikana kwenye misuli pia. Ukinyanyua vyuma vizito leo halafu upimwe kesho, namba zinaweza kupanda na ini lenyewe liko shwari. Daktari atajuaje kama hukumwambia?

"Mimi sinywi pombe, mbona ini?" Swali hili hubeba aibu ndani yake, kwa sababu mtaani mgonjwa wa ini tayari ameshahukumiwa kuwa mlevi. Ni kweli pombe huharibu ini. Lakini pia kuna virusi. Kuna mafuta yanayorundikana kwenye ini la mtu mwenye uzito mkubwa au kisukari. Kuna Panadol zinazomezwa kupita kipimo, na kuna baadhi ya dawa za miti shamba, zikiwemo zile tunazouziwa eti zinasafisha ini. Mwaka wa 2004, huko Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu inayoshambulia ini. Hao walikula ugali tu. Kwa hivyo ukimwona jirani ana macho ya manjano, weka mdomo wako mbali na chupa asiyoigusa.

Hata hiyo manjano ina maelezo yake. Inatokana na bilirubini, na kuna watu wenye hali ya kurithi iitwayo Gilbert ambao bilirubini yao hupanda kidogo wakifunga, wakiugua mafua au wakichoka sana. Haina madhara. Daktari akiiona, anathibitisha kwamba vipimo vingine viko sawa, anakueleza, maisha yanaendelea. Asipokueleza, utaishi miaka ukidhani ini linaoza.

Lakini karatasi inayovunja vijana moyo kuliko zote ni ile inayosema umepatikana na HBsAg. Hiyo ni homa ya ini aina ya B. Wengi hawaijui mpaka siku ya kutoa damu, au siku ya vipimo vya kwenda kazi Ghuba. Nchi kama Saudi Arabia na Qatar humpima mfanyakazi homa ya ini aina ya B na C kabla ya safari, na ukipatikana nayo, safari huishia hapo. Kijana aliyekopa pesa za pasipoti na za wakala anarudi mtaani na neno moja tu kichwani: hufai. Hakuna aliyemwambia kwamba kutofaa kwa viza na kutofaa kuishi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Haya ndiyo alipaswa kuambiwa. HBsAg inaonyesha virusi viko mwilini kwa sasa. Kipimo kimoja hakisemi viliingia lini. Vikiwa bado vipo baada ya miezi sita, hapo ndipo huitwa sugu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hushinda wenyewe. Anayeambukizwa akiwa mtoto mchanga ndiye hubaki navyo, takriban 9 kati ya 10. Kwa hivyo mtu mzima mwenye homa sugu huenda alikuwa nayo tangu utotoni, kabla hajajua hata neno mpenzi. Tafadhali, kabla ya kuvunja uhusiano mkitafuta nani alimletea mwenzake, jueni hilo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwishoni mwa 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuipata akiwa mtoto.

Kisha kuna herufi zinazochanganya. HBsAg ni virusi. Anti-HBs, ambayo wengine huandika HBsAb, ni kinga, uliyoipata kwa chanjo au kwa kuugua ukapona. Herufi zinafanana, maana ni kinyume. Mtu anaweza kulia wiki nzima kwa habari njema kwa sababu hakuna aliyemsomea.

Kama kweli unayo, hatua inayofuata si kujifungia nyumbani. Kuna kupimwa wingi wa virusi, ALT, chembe za kugandisha damu na picha ya altrasaundi ya ini. Si kila mtu huanzishiwa dawa siku hiyo. Wengine hufuatiliwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Anayehitaji hupewa dawa kama tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, kinachozuia virusi visizaane. Mpenzi na watu wa nyumbani wanapimwa, na wasio nayo wanapata chanjo, dozi tatu. Haiambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana wala kusalimiana. Huambukizwa kwa damu, ngono, mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, na kutumia wembe au mswaki mmoja. Ile aina ya C nayo inatibika kabisa kwa vidonge, mara nyingi katika wiki 8 hadi 12.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa sugu aina ya B mwaka wa 2022. Hauko peke yako, bana. Hatari iko kwa anayejificha, kwa sababu virusi visipofuatiliwa vinaweza kulitia ini makovu polepole, hata saratani, na wewe hujisikii mgonjwa.

Tukija kwenye tumbo, jina linalotawala ni H. pylori. Hii ni bakteria inayokaa tumboni. Zamani vidonda vya tumbo vililaumiwa pilipili na mawazo mengi. Mwaka wa 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hiyo makusudi na tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka wa 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha uhusiano wa bakteria hiyo na vidonda.

Lakini kuwa na H. pylori si lazima uwe na vidonda. Watu wengi sana duniani wanayo na wengi wao hawapati vidonda kamwe. Pili, uliza umepimwa kwa nini. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Hapa ndipo vijana wanapoliwa pesa. Unameza dawa siku 14, unamaliza, unapimwa damu tena, inaonyesha bado unayo, unauziwa dozi nyingine. Halafu nyingine. Kumbe ulipona kitambo. Kujua kama umepona, kinachofaa ni kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na uwe umeacha dawa kama omeprazoli kwa wiki 2 kwa ushauri wa daktari. Na umwambie ukweli kuhusu dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki huchimba vidonda zenyewe, bila bakteria yoyote.

Taifodi ni hadithi hiyo hiyo. Kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, ambazo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa kitu kingine kabisa. Kipimo kimoja tu cha Widal hakitoshi kuthibitisha. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Kwa hivyo ukiambiwa una taifodi kwa mara ya nne mwaka huu, uliza kwa heshima: daktari, umejuaje?

Kuna mambo ambayo hayangoji karatasi wala makala yangu. Ukitapika damu, ukienda choo cheusi kama lami, macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, nenda hospitali leo.

Kwa mengine yote, uliza maswali haya kabla ya kuinuka kwenye kiti. Kipimo hiki kilikuwa kinatafuta nini? Namba yangu iko mbali kiasi gani na kawaida? Kuna kitu kingine kinachoweza kuisababisha? Tunahitaji kurudia, na lini? Hatua inayofuata ni gani, na itagharimu pesa ngapi? Yaandike kwenye simu kama utasahau. Nakala ya majibu ni yako, ihifadhi, kwa sababu daktari anayefuata atataka kulinganisha.

Na wenye kliniki nanyi msikie. Najua foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja. Lakini karatasi moja ya Kiswahili chepesi, inayoeleza HBsAg ni nini na uende wapi baadaye, haihitaji mashine mpya. Mawakala wa kazi za ng'ambo pia: mkimwambia kijana hafai, mpeni majibu yake na mumwelekeze hospitali. Mlichukua pesa za vipimo, kwa hivyo msimfukuze kama mwizi.

Sisi vijana tunajua kuuliza. Fundi wa simu tunamuuliza maswali kumi kabla ya kumwachia kioo cha elfu mbili. Daktari naye aulizwe. Akikasirika, uliza tena polepole. Ini ni moja tu.