Chanjo Isiyonikinga Mimi? Nidungeni Tu

Swali la leo, wasee: ungekubali kudungwa chanjo ya malaria ambayo haikukingi wewe, inamkinga jirani?

Msicheke, nisikizeni kwanza. Mbu akifyonza damu ya mgonjwa, hawezi kuambukiza mwingine siku hiyo hiyo. Vimelea lazima vipenye ukuta wa utumbo wake kwanza. Huo ukuta una protini zilizobeba minyororo midogo ya sukari, na vimelea hushikilia hapo ndio vipite. Protini moja inaitwa APN1. Mwaka wa 2007, Rhoel Dinglasan na wenzake walionyesha kwamba kingamwili dhidi ya APN1 zikiingia kwa mbu pamoja na damu, vimelea vinakwama. Mbu anaishi, anauma, lakini hana cha kuambukiza.

Chanjo ya aina hiyo ingeweka hizo kingamwili kwa damu yako. Wewe bado unaweza kuugua, ila malaria yako inaishia kwako.

Bado haijafika kliniki zetu, lakini sisi wa Turkana inatuhusu. Mwaka wa 2023 KEMRI walitangaza kwamba mbu Anopheles stephensi ameingia Kenya. Alionekana Marsabit, halafu hata huku Turkana. Huyu ni mbu wa mjini, anataga kwenye matangi na mitungi. Na Lodwar nani hana mtungi? Maji yakipotea siku tatu, lazima uweke akiba.

Kakuma nayo, tangu 1992 wakimbizi na wenyeji wanaishi bega kwa bega. Mbu haulizi kitambulisho.

Shida ni kwamba watu kumi wakidungwa, hakuna kitu. Lazima tuwe wengi. Kwa hivyo siku hiyo chanjo ikija, naomba wataalamu kitu kimoja: mtuambie ukweli, kwa Kiturkana, Kisomali, Kiswahili, kila lugha ya hapa. Msiseme inanikinga mimi. Nikidungwa leo nikaugua mwezi ujao, nitawaita waongo, na mtaa mzima utakataa sindano zingine zote. Lakini ukiniambia ni ya mtoto wa jirani, nitakunja mkono wa shati. Maana hata mimi ni jirani wa mtu.

Kwa sasa, funika mtungi wako. Mbu akizaliwa kwako, hatauma kwako peke yake.